Kasuku gani anafaa nyumba ambamo bwana na bibi wote wanatumika?

Baba_Nguba
Habari zenu wote. Niko Bukavu, upande wa Nguba. Mimi natumika ofisini saa mbili mpaka saa kumi na moja, bibi yangu ni muuguzi, siku zingine anaingia usiku analala mchana. Mtoto bado hatujapata na nyumba iko kimya sana, ndiyo maana tunatafuta ndege wa kutuongelesha. Kuna kijana analeta kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anasema ametoka Maniema, bado mtoto, kisha miezi tatu atajua kusema. Bei tunaweza kuifikia. Lakini bibi ameniuliza nani atakaa naye mchana nikakosa jibu. Wenye kufuga mutuambie ukweli, tuchukue huyu ao kuko mwingine anayefaa watu wa kazi?

Yaya_Kadutu
Ndugu yangu, kwanza muangalie macho. Kasuku mtoto macho yake ni meusi-meusi, akikomaa yanageuka manjano. Ukikuta manjano ujue si mtoto, huyo ni mkubwa aliyekamatwa porini. Kisha umsogelee polepole, akijibana kwenye kona na kunguruma, huo ni woga mtupu. Wanawanasa kwa ulimbo juu ya miti, wanakata manyoya ya mabawa, wanawabana ndani ya vitunga na wengi wanakufa hata soko hawajaiona. Inaniuma kusema juu mimi nilinunua mmoja hivyo hivyo.

Mimi na bibi yangu tulikuwa tunatoka asubuhi wote wawili. Mwaka haujaisha akaanza kujinyonyoa, kila jioni nikifungua mlango nakuta manyoya madogo chini ya tundu, laini kama pamba, na kifua chake kimebaki ngozi tupu nyekundu. Alikuwa ameshika mlio wa kufuli yetu. Akiona tu tunavaa viatu, funguo bado ziko mezani, anapiga ule mlio halafu ananiita jina, mara moja, anangoja, anaita tena. Nilikuwa natoka nje roho inanisumbua mpaka kazini. Kasuku wa kijivu anaweza kuishi miaka 40 na zaidi, porini anatembea na kundi, sasa wewe unamuacha masaa tisa peke yake kila siku ya kazi, atafanya nini kama si kujila mwenyewe? Mwisho tulimpeleka Lwiro, kile kituo cha sokwe upande wa Kavumu, wanapokea na kasuku.

Mwanasheria_wa_Bagira
Mimi naongeza ya karatasi tu. Mwaka 2016 kwenye mkutano wa CITES, ule mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya pori, kule Johannesburg kasuku wa kijivu aliwekwa Kiambatisho cha kwanza, kuanzia januari 2017 kumfanyia biashara ya kuvusha mipaka akiwa ametoka porini ni marufuku. Siku kazi itakuhamisha Kigali ao Bujumbura, kwenye mpaka wa Ruzizi utapita naye namna gani? Na hapa ndani ya Kongo tuko na sheria ya 11 februari 2014 juu ya kulinda asili, kabla ya kutoa hata franka moja pita ICCN, ile ofisi ya serikali ya kulinda asili, uulize.

Mama_Furaha
Baba Nguba, bibi yako ameuliza vizuri. Kwa saa zenu hizo chukueni perushi wawili waliozaliwa kwa mtu anayezalisha nyumbani. Ni kasuku wadogo asili yao Australia, wanaishi miaka 5 mpaka 10, na wakiwa wawili mchana wanaongeleshana wenyewe. Ukweli ni kwamba wakiwa wawili maneno ya watu hawashiki sana, dume akiwa peke yake ndiye anajaribu, lakini kwenu nisingeweka mmoja. Dume mkubwa mara nyingi utamjua kwa pua ya bluu, jike yake ni kahawia.

Wanapiga kelele asubuhi, basi tundu lisikae karibu na chumba cha kulala, juu bibi akitoka zamu ya usiku hatalala. Lisikae jikoni pia, moshi wa makala unawaua, na kile kikaango kisichoshikisha chakula kikiungua kwa moto mkali moshi wake unaua ndege hata hujauona. Na tafazali AVOKA hapana!! Sisi Bukavu tunakula avoka kila siku, mtoto anaona anamsaidia ndege kumpa kipande, kumbe ni sumu kwake. Wape mtama, ulezi, lengalenga zilizooshwa vizuri, karoti ya kukwaruza, na maji mubadilishe kila siku. Jioni muwafungulie waruke sebuleni kwa muda wa saa moja, madirisha yakiwa yamefungwa.

Baba_Nguba
Aksanti sana wote. Jana jioni tulienda kumuangalia na bibi, macho ni manjano kabisa. Nilisogeza tu mkono akanguruma. Bibi alitoka nje analia, akaniambia tumnunue tumpeleke Lwiro sisi wenyewe.

Yaya_Kadutu
Usilipe ndugu. Namuelewa bibi, lakini franka zako kesho zinaleta wengine wawili. Wajulishe ICCN, waseme wao.

Baba_Nguba
Asubuhi hii nimepita huko, nimewaelekeza mahali. Mama Furaha, huyo mtu wa perushi yuko upande gani? Jumamosi bibi hana zamu.