Mtihani wa mdomo: naulizwa kosa la Edipode, nabaki nimetoa macho

Binti Nkuhungu: Wadau, habari za jioni. Jumatano nina mtihani wa mdomo wa fasihi. Kitabu ni Mfalme Edipode, tafsiri ya S. S. Mushi ya ile tanzia ya Sophocles. Dakika kumi na tano, huingii hata na karatasi. Kwenye zoezi la wiki jana niliulizwa kosa la Edipode ni lipi. Nikajibu kiburi, kama ilivyo kwenye notisi. Mwalimu akasema, "Nionyeshe." Kimya. Notisi nimezikariri mpaka naziota, ila swali likipinda kidogo tu napotea. Nasomea gengeni kwa mama, kati ya mteja wa nyanya na wa mlenda, kwa hiyo msiniambie nitafute maktaba tulivu.

Chaki Mkononi: Pole, binti. Hizo notisi ziweke kando. Makubwa karibu yote yameshatokea kabla tamthilia haijaanza: Laius, mfalme wa Thebe, keshauawa njia panda na Edipode, mwanawe asiyemjua; mjane wake Jocasta keshaolewa na Edipode huyo huyo, bila wawili hao kujua kuwa ni mama na mwana. Jukwaani Edipode anauliza maswali tu, nani alimuua Laius, na mashahidi wanaingia mmoja mmoja: Creon, shemeji yake, na jibu la mungu kutoka Delphi, kipofu Teiresias mtabiri, Jocasta, mjumbe wa Korintho, mwisho yule mchungaji mzee. Shika nani kaingia na kaacha nini.

Mjumbe wa Korintho usimruke hata ukibanwa na muda. Kaja na habari ya kumfurahisha mtu: Polybus, mfalme wa Korintho aliyemlea, amefariki, kiti cha ufalme kinamsubiri Edipode. Akiona bado anaogopa kuja kumwoa mama yake kama alivyotabiriwa, anamtoa hofu: wale si wazazi wako, mimi ndiye niliyekupeleka kwao ukiwa mchanga. Hapo hapo Jocasta ameelewa. Anamsihi mumewe aache kuuliza, hasikilizwi, anaingia ndani. Aristotle mwenyewe, yule mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeandika juu ya tanzia, alimtolea mfano mjumbe huyu: anakuja kumtoa mtu hofu, analeta kinyume chake.

Mzee wa Kongwa: Mjukuu wangu, kuhusu hilo kosa. Neno la Aristotle kwa kosa la shujaa wa tanzia ni hamartia, na kitenzi lilikotoka kilisemwa hata kwa mshale usiopata shabaha. Kiswahili kinakupa hilo bure: kukosa. Babu yangu mshale wake ukimpita swala tulisema amekosa, hakuna aliyesema ana kiburi. Edipode aliikimbia Korintho asije akamuua baba yake, na ni katika kukimbia huko alipomuua. Kiburi anacho, tena kingi, msikilize anavyomfokea Teiresias kwamba amenunuliwa. Lakini si kiburi kilichomwozesha mama yake. Wakikubishia usirudi nyuma upesi.

Mpita Njia: Mimi niliaibika kwa kusema Edipode anakufa mwishoni. Hafi! Anayejinyonga ni Jocasta. Yeye anajitoboa macho kwa vishikizo vya vazi la mkewe, kisha anaomba afukuzwe Thebe.

Binti Nkuhungu: Shikamoo, Mzee wa Kongwa. Chaki, asante sana. Jana nilimsimulia mama, nikifuata wanavyoingia. Nilipofika kwa mjumbe aliacha kupanga mafungu ya nyanya, mteja kasimama na mia tano yake mkononi. Akauliza, "Na huyo mchungaji aliyepewa mtoto akamtupe mlimani, mbona hakumtupa?" Nikamwambia alimwonea huruma, akampa mwenzake wa Korintho. Mama akatikisa kichwa: "Basi na yeye alikosa."

Jumatano nikiambiwa "nionyeshe", naanzia hapo.