Naombeni ushauri, paa ya asbesto kwa ploti

Wadau habari zenu. Nakaa ploti ya kupanga huku Eastlands, Nairobi, paa ni zile shiti za asbesto za zamani, zimepasuka hadi upepo ukivuma unakuta vumbi la kijivu juu ya sufuria, na hizi zilipigwa marufuku Kenya tangu 2006! Juzi landlodi akaleta fundi na nyundo azivunje hivyo hivyo zikiwa kavu, nikamzuia, wakanicheka. Wapangaji 14 tumesaini barua, kimya. Kinachoniumiza zaidi ni mzee wangu, alikata hizi shiti na msumeno miaka mingi bila kitambaa hata cha puani, sasa anahema akipanda ngazi na zahanati wanampa dawa ya kikohozi tu. Kontrakta wa kutoa hizi shiti mwenye leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira) analipwa na nani, landlodi ama sisi? Na mzee aitishe kipimo gani ndio aweze kudai fidia?