Naomba ushauri: chumba na kazi Kigoma mjini

Wakuu, habari zenu. Nahamia Kigoma, natafuta chumba na sebule chenye luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) yake. Luku ya kuchangia hapana: mpangaji mmoja akiwasha jiko la umeme, umeme unaisha haraka ilhali wote mmechanga sawa, na hapo ugomvi hauishi. Kwa mtu wa kazi za mwalo wa Kibirizi, wanakoshusha dagaa, apange Mwanga, Gungu au Katubuka?

Kinachonipa mawazo hasa ni kodi. Wenye nyumba wengi hutaka miezi 3 au 6 kwa mkupuo, dalali naye anadai wa kwake. Ila kipato cha mwaloni kinafuata mwezi wa angani: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea mitumbwi inalala, na wapakiaji na waanikaji hawana kitu. Tena 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi 3 mizima! Je, wapo wanaopokea kodi ya mwezi mmoja mmoja? Na siku za mbalamwezi, kibarua kinapatikana wapi: bandarini, stesheni, au kwenye mawese sokoni?

Mkataba nitausaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, baada ya kufungua bomba na kuona maji yanatoka.