Wanajua kukokotoa wastani ila hawajui ni kitu gani, mnaanzaje mada ya takwimu?

Mwl wa Nyasa
Habari zenu walimu wenzangu. Nafundisha hisabati darasa la sita shule ya serikali, watoto 72 darasa moja. Tumefika takwimu na kwenye kukokotoa hawana shida, ukiandika namba ubaoni wanajumlisha wanagawanya fasta jibu hilo hapo. Shida inaanza ukiwauliza haya hiyo 54 inatuambia nini kuhusu darasa letu, kimya. Mmoja akasema ni alama ya mtoto wa katikati, mwingine akasema ndo alama waliyopata wengi, yaani wastani mediani na modi kwao ni kitu kimoja chenye majina matatu. Grafu ya duara ndo usiseme, vipimapembe viko vitatu darasa zima na kimoja namba zimefutika. Wenye uzoefu mnaanzia wapi?

Chaki Nyeupe
Mwl pole na kazi. Mi kipindi cha kwanza siandiki kanuni kabisa, naanza na vizibo vya soda. Ita watoto watano mbele wagawie vizibo bila usawa, mmoja 3, mwingine 8, mwingine 4, mwingine asipate kitu, wa mwisho 5. Waambie gawaneni mpaka kila mtu awe sawa na mwenzake, halafu we kaa pembeni uangalie. Yule wa 8 atatoa vinne, wa 5 atatoa kimoja, wataishia vinne vinne, na hapo hakuna aliyejumlisha wala kugawanya. Ndo uwaambie hiyo nne inaitwa wastani, ni kile ambacho kila mmoja angepata kama vyote vingegawanywa sawa. Baada ya hapo wao wenyewe watakwambia mwalimu si tungevichanganya vyote tu tukagawa kwa tano, na kanuni imeshakuja yenyewe.

Usimsahau huyo wa sifuri, ni wa makusudi. Wakirudi kwenye madaftari wengi watamuacha, watafanya 20 gawanya kwa 4 wapate 5 kwa sababu wanaona hana kitu cha kujumlisha. Muite asimame waulize huyu hayupo darasani? Wakishamuona mwenzao amesimama pale mikono mitupu hawarudii tena.

mamaTunu
Naunga mkono vizibo. Ila kutofautisha hayo majina matatu inabidi uwape mahali ambapo majibu yanapishana, maana vitabu vingi vinawapa namba ambazo wastani na mediani vinakaribiana sasa mtoto ataona tofauti wapi? Mi nawapa kijiwe cha bodaboda. Vijana wanne kwa siku wamepata 15,000, 17,000, 18,000 na 20,000, wa tano ni bosi mwenye fuso amekaa nao tu hapo kijiweni, yeye kapata 180,000. Jumla 250,000, wastani 50,000. Halafu nauliza nani hapa kapata elfu hamsini? Hakuna hata mmoja! Wanabishana sana hapo, waache wabishane, kuna atakayesema mwalimu huyo bosi ndo kaivuta. Ndo unawapanga kuanzia mdogo mpaka mkubwa mnamchukua wa katikati, 18,000, hiyo ndo mediani, na inafanana kweli na maisha ya kijiwe.

Modi nenda kwenye viatu. Muuza viatu vya shule akikokotoa wastani wa saizi anaweza kupata 36.8 na hakuna kiatu cha hivyo duniani, yeye anataka kujua saizi gani inaulizwa sana alete mzigo. Na ukiwauliza timu wanazoshabikia ndo inanoga zaidi, huwezi kujumlisha Simba na Yanga ukagawa kwa mbili, pale ni modi tu basi.

Karani 2022
Mimi sio mwalimu ila nilikuwa karani wa sensa, naomba niongezee. Wapeni namba za nchi yao. Sensa ya 2022 ilitoa watu 61,741,120 na wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Mtoto yeyote atauliza sasa huyo mtu wa pointi tatu yukoje, na hilo ndo swali unalolitaka. Mwambie chukua kaya 10 zenye watu 43, hesabu inakaa sawa na hakuna mtu aliyekatwa. Halafu kila mmoja ahesabu waliolala kwao usiku wa jana, vile vile tulivyokuwa tunauliza sisi, muone darasa lenu liko juu au chini ya 4.3. Mara nyingi litakuwa juu, waulize kwa nini. Jibu ni kwamba mmehesabu nyumba zenye watoto peke yake, kijana aliyepanga chumba peke yake hayumo kwenye hesabu yenu, wala wazee wawili ambao watoto wameshahama. Hapo unakuwa umewafundisha kuuliza hizi namba zilikusanywa kwa nani.

Mzazi Mbagala
Naomba kusema kitu kama mzazi. Mwanangu alirudi siku moja hataki kwenda shule kisa darasani walinyoosha mikono kwa kuhesabu nyumbani mnakula mara ngapi kwa siku, ikaandikwa ubaoni. Jamani msichukue vitu vya hivyo. Urefu, saizi ya kiatu, wanakujaje shule, vinatosha, mambo ya chakula na kipato cha baba yaacheni.

mamaTunu
Mzazi asante, ni kweli kabisa. Hata ile ya waliolala nyumbani bora waandike kwenye vikaratasi bila majina vichanganywe kwenye ndoo.

Chaki Nyeupe
Kuhusu duara una bahati na hao 72 mwl, 360 gawanya kwa 72 ni nyuzi 5 kila mtoto. Watoe uwanjani wasimame duara moja kubwa, wanaokuja kwa njia moja wakae pamoja. Tuseme wa miguu 45, daladala 18, bodaboda 6, baiskeli 3. Mtu mmoja akae katikati na kamba, zivutwe mpaka pale kundi moja linapoishia na jingine linapoanza. Duara lenu limeshachorwa kabla hamjagusa karatasi, na wa daladala wataona kwa macho wamechukua robo. Mkirudi ndani 45 mara 5 ni 225, 18 mara 5 ni 90, na hiyo 90 wanaweza kuichora kwa kukunja karatasi mara mbili bila kipimapembe.

Mwl wa Nyasa
Asanteni sana aisee. Swali moja, na mtihani je? Muda ni mdogo na hayo ya uwanjani yanakula kipindi kizima.

Chaki Nyeupe
Uwanjani kipindi kimoja tu, vizibo nusu kipindi, vilivyobaki maswali ya kitabuni kama kawaida. Ila kila swali ongeza kipengele kimoja chini: andika kwa sentensi moja jibu lako linamaanisha nini. Anza kusahihisha hiyo sentensi kabla ya namba, ndo utajua nani bado yuko nyuma. Vizibo anza kukusanya leo, wenye maduka ya vinywaji wanatupa ndoo nzima.