Naomba ushauri: nitawaelezaje wanafunzi kwamba jua likitazamwa kutoka sayari ya Mirihi halifuati njia kama tunayoiona sisi?

MwalimuLangoni
Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninafundisha sayansi hapa Lamu, na kwa mwaka mzima wanafunzi wangu wamekuwa wakitia alama, kila wiki saa sita na robo mchana, pale inapoishia ncha ya kivuli cha mlingoti wa bendera. Alama hizo zimechora umbo kama tarakimu 8, kwani Juni kivuli huangukia kusini na Desemba kaskazini. Sasa wananiuliza iwapo mtu aliye Mirihi angepata umbo hilo hilo. Nianzie wapi bila kuwatwisha hesabu, na sayari zipi nizitaje?

BintiMkomani
Waalaikumu salaam, Mwalimu. Anzia kwenye ratiba ya swala, maana watoto wanaijua. Hapa Lamu jua hufika kileleni kama saa sita kamili mwanzoni mwa Novemba, ilhali katikati ya Februari huchelewa hadi saa sita na nusu hivi, na wakati wa Adhuhuri husogea nalo. Sababu ni mbili: mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, na njia yake ya kulizunguka jua si duara kamili, hivyo dunia huenda kasi zaidi Januari inapolikaribia jua. Kwetu mwinamo ndio wenye nguvu, ndiyo maana ikatoka 8. Mirihi imeinama nyuzi 25.2, karibu sawa na sisi, lakini umbali wake na jua hubadilika kutoka kilomita milioni 207 hadi milioni 249. Huko sababu ya pili ndiyo inayotawala, na alama huchora umbo la tone la maji.

NahodhaMalindi
Naafiki. Zuhura itoshe sentensi moja: hujizungusha kinyume, kwa hiyo jua lake huchomoza magharibi. Utaridi, Mwalimu, usiipite haraka. Hujizungusha mara 3 kwa kila safari 2 za kulizunguka jua, na inapolikaribia jua mwendo wake njiani huishinda kasi ya kujizungusha kwake, hata mtu aliyesimama mahali panapofaa angeliona jua likichomoza, likasita, likazama kule kule lilikotoka, kisha likachomoza tena. Weka taa katikati ya uwanja, mwanafunzi aizunguke huku akijigeuza taratibu, kisha aongeze hatua pasipo kuongeza kujigeuza, na kila mara aseme kwa sauti taa inasogea kuelekea bega lipi.