Naomba ushauri: The Clash waliichukia Marekani kweli?

Mwanafunzi_Leeds: Habari za humu wakuu. Nasoma historia Leeds, mwaka wa pili, na nina insha kuhusu punk ya Uingereza, ule muziki wa rock wa vijana waasi, ilivyoitazama Marekani. Nimeisimamisha juu ya wimbo "I'm So Bored with the U.S.A." wa bendi ya The Clash, 1977: pesa za dola zinazozungumza na madikteta, wapelelezi wa Kimarekani waliojaa kwenye runinga za Waingereza. Nikahitimisha kwamba waliichukia Marekani. Mwalimu kanirudishia rasimu, pembeni kaandika kwa penseli: "Mbona walikwenda?" Siku ya tatu leo swali hilo linanikosesha usingizi. Hawa jamaa nawapenda, siwezi kuwaita wanafiki. Ijumaa nawasilisha.

Mzee wa Santuri: Mdogo wangu, wimbo huo Mick Jones, mpiga gitaa wao, aliuanza kama wa mapenzi, akimwambia mtu amemchoka. Joe Strummer, mwimbaji wao, ndiye aliyeugeuza ukawa wa kuisema Marekani. Usiubebeshe insha nzima.

Na walikwenda, Februari 1979. Jukwaani walifungua na wimbo huohuo, mbele ya Wamarekani wenyewe. Aliyewatangulia kupiga ni Bo Diddley, mkongwe wa rock and roll wa Kimarekani. Ukiichukia nyumba, humwombi mzee wa nyumba hiyo akutangulie.

Dada Mchambuzi: Mzee, tusiwasafishe kupita kiasi. Walikuwa na mkataba na CBS, kampuni ya muziki ya Kimarekani. CBS ya kule iliikataa albamu yao ya kwanza mpaka 1979, na huku nakala zaidi ya 100,000 zilishanunuliwa Marekani kama bidhaa ya kutoka nje. Soko lilikuwepo na walilitaka. Mwanafunzi, liandike hilo bila kuona haya, mwalimu atalitafuta.

Mzee wa Santuri: Nakubali, dada. Ila kuna jambo moja alione kwa macho yake. Mwaka 1977 waliimba kwamba Elvis Presley, nyota wa rock wa Kimarekani, basi tena. Sasa chukua jalada la albamu yao London Calling ya Desemba 1979, liweke kando ya albamu ya kwanza ya Elvis ya 1956. Herufi za waridi zinashuka kushoto, za kijani zimelala chini, zilezile. Katikati Paul Simonon ameinama, anavunja gitaa lake la besi, na picha hiyo ilipigwa New York. Mimi ninazo zote mbili ukutani, na bado huwa nasimama kuziangalia.

Dada Mchambuzi: Ongeza na wimbo wao "Washington Bullets" wa 1980. Wanaisema Marekani kwa mapinduzi ya Chile, kisha wanawageukia Warusi kwa kuivamia Afghanistan na Wachina kwa kuikalia Tibet. Hasira yao ilikuwa kwa wenye mabavu. Muziki wa Wamarekani waliupenda tangu utotoni.

Mwanafunzi_Leeds: Asanteni sana, dada na mzee wangu. Hitimisho nimelifuta lote. Naanza upya na majalada mawili, halafu Bo Diddley. Ya CBS nayo naiweka, ingawa inaniuma.

Dada Mchambuzi: Iweke mapema, kabla ya Bo Diddley.