Naomba msaada: nafundisha wafanyakazi wapya kupima vimelea kwenye maji, hesabu zao hazilingani kabisa

mpima_sampuli

Habari zenu wakuu. Nimepewa wafanyakazi wapya wanne niwafundishe kupima vimelea kwenye sampuli za maji, hasa Cryptosporidium na Giardia. Wote wametoka upande wa bakteria, kuotesha E. coli wanajua vizuri tu, usafi wao wa kazi hauna shida. Tukawapa darasa siku tatu, wakapitia ile Njia 1623 ya EPA (shirika la mazingira la Marekani), mwongozo wa kupima vimelea hivi viwili, mwanzo mpaka mwisho na mtihani wa kuandika wakafaulu wote wanne.

Shida imekuja tulipoingia kwenye kazi yenyewe. Slaidi moja ileile, mmoja anasema kaona oosisti (zile chembe za Cryptosporidium zenye ganda gumu) 14, mwingine 31, wa tatu 9, nikikaa mimi napata 22. Halafu zile sampuli za kujipima tunazopandikiza vimelea wenyewe, tunaweka 100 tunakuja kuhesabu 8, kesho 40, keshokutwa 5. Bosi anataka waanze kusaini majibu mwezi ujao, anasema klorini ipo na E. coli haijaonekana sasa tunabishana nini na hadubini. Mimi roho haitulii jamani, maji yananywewa na watu haya. Nianzie wapi?

Lenzi40

Mkuu pole, ila hapo hamjakosea peke yenu, karibu kila maabara inaanza na macho wakati oosisti zimeshapotea zamani kabla ya slaidi kufika kwenye hadubini. Hizo 8 na 5 zako kwa 100 zimefeli kabisa, 1623 yenyewe inataka sampuli ya kujipima irudishe kuanzia 11% kwa Cryptosporidium na 14% kwa Giardia, na hicho ni kiwango cha chini mno, mtu mwenye mkono uliotulia anapita hapo mbali sana. Kwa hiyo kwanza fundisha mikono, macho yatafuata.

Fanya hivi wiki ijayo. Mwambie kila mmoja asimwage kitu chochote. Kila maji anayoyatoa, ya kuoshea filta, ya juu ya mashapo baada ya sentrifuji, ya kwenye sumaku (pale chembe za sumaku zinaponasa vimelea), yote ayaweke kwenye tyubu yenye jina lake na hatua yake, halafu mzipige rangi muziangalie. Utaona wazi nani anapotezea wapi. Mimi nilivyofanya hivyo mara ya kwanza niliumia sana kwa sababu nilikuta sisi tuliokuwa tunajiita wazoefu ndio tulikuwa tunamwaga nyingi zaidi.

Sehemu zinazoua ni zilezile. Sentrifuji ni 1500 g kwa dakika 15, sawa, lakini mtu anafunga breki ili iwahi kusimama, mashapo yanatifuka, anavuta maji ya juu anavuta na vimelea humohumo. Iache isimame taratibu yenyewe. Na asivute mpaka chini, aache kama mililita 5 juu ya mashapo. Ikifika kwenye sumaku, tyubu inainamishwa huku na huku polepole dakika 2 nzima za saa, dakika 2 za kukisia hazitoshi, halafu maji yanamwagwa tyubu ikiwa BADO imeshikwa na sumaku. Wageni wengi wanatoa tyubu kwanza ndio wanamwaga, na hapo umemwaga sampuli nzima. Kuna na kusuuza, oosisti zinapenda kung'ang'ania ukuta wa tyubu, asiposuuza kwa bafa kila chombo alichohamisha kutoka anaziacha hapo ukutani.

Mashapo yakiwa mengi, zaidi ya nusu mililita, agawanye. Asilazimishe yote kwenye tyubu moja kisa chembe za sumaku ni ghali, tope jingi linazizuia zisishike.

bi_slaidi

Naunga mkono aliyosema kaka hapo juu, mimi niongezee upande wa macho maana hiyo 9 na 31 kwenye slaidi moja haiwezi kuwa mikono, slaidi ni ileile.

Unawafundisha kwa slaidi gani? Nauliza kwa sababu wengi tunawapa slaidi ya kununua, safi, imejaa oosisti nzuri za duara zinang'aa kijani kwa ile rangi inayoshika vimelea, mtu anazoea hizo, halafu anakutana na maji ya mto yenye mwani, chachu, chavua na takataka zinazong'aa zenyewe, anahesabu kila cha kijani. Huyo ndiye wa 31. Wa 9 naye ameogopa, kila kilichopinda kidogo anakiacha. Wape slaidi chafu mapema, na wape ambazo hazina kitu kabisa bila kuwaambia. Mtu ambaye hajawahi kuandika sifuri kwa kujiamini bado hajafundishika.

Na wasihesabu kwa rangi peke yake. Kijani kinamwambia tu asimame aangalie. Akishasimama apande lenzi ya mafuta apime ukubwa, Cryptosporidium ni duara mikroni 4 hadi 6, Giardia ni yai, urefu 8 hadi 18 na upana 5 hadi 15. Apime kwa rula ya kwenye lenzi iliyosawazishwa, kukadiria kwa jicho hapana. Halafu ahamie DAPI (rangi ya bluu inayoshika viini) aangalie viini, oosisti inaweza kuonyesha mpaka vinne vya bluu, kisha DIC (mpangilio wa mwanga wa hadubini unaoonyesha umbo la ndani) aone ndani kuna nini. Kitu kina mwiba, kina mkia, kina kitundu, au ndani kinatoa wekundu wa klorofili, hicho sio, hata king'ae kijani namna gani.

Mfundishe na kusema sababu kwa mdomo. Mimi nakaa na mwanafunzi kwenye hadubini, kila akiona kitu ananiambia "nakihesabu kwa sababu hii" au "nakiacha kwa sababu hii", tunabishana hapohapo. Unachoka lakini ndani ya wiki mbili unajua kichwa chake kinawazaje, na hilo mtihani wa kuandika hautakuonyesha kamwe.

Ah na msikae na taa imewaka sehemu moja muda mrefu, ile rangi inafifia, wa nne kuangalia anaona chache kuliko wa kwanza mkadhani hajui kazi. Slaidi ikishapigwa rangi itunzwe gizani na isomwe ndani ya siku 7.

mpima_sampuli

Aisee bi_slaidi umenigusa, slaidi zetu zote za mafunzo ni za kununua. Na mimi ndiye nilikuwa wa mwisho kuhesabu, taa ilikuwa imewaka muda wote. Asanteni sana. Sasa bosi namjibu nini kuhusu klorini?

Kichujio

Bosi wako mweleze hivi: klorini kwa dozi ya kawaida ya maji ya kunywa Cryptosporidium haiisumbui, ganda lake ni gumu. E. coli inakufa mapema kabisa, kwa hiyo kutoiona hakukuambii lolote kuhusu oosisti, vinavyoizuia ni kuchuja vizuri au UV. Mwaka 1993 kule Milwaukee Marekani maji yalikuwa yametiwa klorini na bado watu wanaokadiriwa 403,000 waliugua.

Lakini mwambie na upande wa pili maana mabosi wanaelewa zaidi huu. Sydney mwaka 1998 maabara ilitoa hesabu kubwa za Cryptosporidium na Giardia, watu wa mji mzima wakaambiwa wachemshe maji, na ongezeko la wagonjwa halikuonekana, uchunguzi uliofuata ukazitilia shaka zile hesabu. Yaani mtu asiyeiva anaweza kuwaficha watu ugonjwa au kuwatia hofu bure, na sahihi iliyo chini ya karatasi ni yake.

Kuhusu lini waanze kusaini, tarehe isiamue. Ile 1623 ina zoezi la kila mwezi, slaidi yenye oosisti 40 hadi 200 na sisti za Giardia idadi kama hiyo, wote mnahesabu na hesabu zenu zisipishane zaidi ya 10%. Anayeingia humo mara kadhaa mfululizo na sampuli zake za kujipima zinarudi vizuri, asaini. Na zile sampuli idadi uijue wewe tu, yeye aandike jibu kwanza.

mpima_sampuli

Narudisha mrejesho baada ya wiki tano. Tulikusanya maji yote ya kumwaga kama Lenzi40 alivyosema. Wawili walikuwa wanafunga breki ya sentrifuji, mmoja alikuwa anatoa tyubu kwenye sumaku kabla ya kumwaga, na oosisti tulizikuta kwenye tyubu yake pale pale, aliziona mwenyewe kwa macho yake akanyamaza. Tangu siku hiyo hajarudia. Sampuli za kujipima sasa zinarudi 38, 45, 41 kwa 100.

Macho ndio bado kidogo. Watatu tunapishana chini ya 10%, wa nne anaendelea kuhesabu mwani, nakaa naye kila asubuhi saa moja na slaidi za maji ya mto. Bosi amekubali wawili waanze kusaini, mmoja arudie zoezi la mwezi ujao, na huyu wa nne kwa sasa abaki kwenye kuchuja na kuosha filta, ana mkono mzuri kuliko sisi wote.